Uduvi na Maji ya Kusuuzia Shaba

Niliweka mabeseni mawili juu ya meza ya Meneja, juu ya karatasi zake. La kwanza lilikuwa na maji ya mkondoni na uduvi, wale kamba wadogo kama punje za mchele, wakirukaruka. La pili lilikuwa vilevile, ila nililitia kikombe cha maji ya kusuuzia kutoka chumba chetu cha dawa kiwandani. Humo uduvi wote walikuwa wamelala chini, weupe.

"Wewe mama, hizi zimekufa juu umezibeba vibaya," Meneja akasema. "Zimeshtuka na safari."

"Na hawa wazima walikuja kwa ndege?"

Akacheka. Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Nikavua aproni, nikaitundika kwenye kitasa cha mlango wake, nikatoka.

Mimi si mzee. Mwanangu Sidi hata shule hajaanza. Lakini kazi ile nimeiacha, na wasichana wa Tezo wanaoniuliza ilikuwaje wana haki ya kuambiwa.

Siku ya kwanza nilipokewa na Msimamizi, Mzee Kahindi wa Vitengeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una kidato cha nne?"

"Ninacho."

"Hapa hakikusaidii. Nionyeshe mikono."

Mikono haikutetemeka, nikapewa brashi. Kilikuwa kiwanda kidogo kando ya mkondo wa Kilifi, kikitengeneza vibao vya redio. Kibao ni bamba gumu lililogandishwa utando wa shaba. Twachora njia za umeme kwa rangi, kisha twakitumbukiza katika dawa ya kahawia inayokula shaba. Palipopakwa rangi hapaliwi, na hapo ndipo umeme utakapopita. Halafu ni kusuuza, kutoboa na kulehemu kwa risasi. Niliipenda kazi, sifichi. Redio ikiimba kwa mara ya kwanza juu ya meza yako, hata mgongo husahau kuuma. Mzee Kahindi alikuwa akiinama kutazama, anasema, "Mama Sidi, hapa hukulehemu, umetia hina."

Ila shaba iliyoliwa haipotei. Imo kwenye dawa na kwenye maji ya kusuuzia. Kiasi ambacho mtu hatakihisi hata ulimini chatosha kumuua mdudu wa majini, maana chaingia moja kwa moja kwenye matamvua anayopumulia. Sisi maji hayo tuliyamwaga mkondoni kwa bomba, tena kwa kanuni. Meneja, mtu wa bara, aliamuru bomba lifunguliwe bahari ikijaa tu.

"Si hapo ndio maji ni mingi?" alituambia. "Bahari itameza."

Mzee Kahindi, mkulima wa mahindi, akaona ni sawa. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kulowa magoti mkondoni. Maji kujaa ndiyo maji kuingia ndani, hadi kwenye mikoko, pale pale wanawake wanapotanda uduvi, wakiwachota majini kwa kanga. Na siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana, dawa yetu ilikaa humo humo kama mgeni asiyeaga.

Nilisema. Nikasema tena. Nikawaambia tuyaweke kwenye mapipa, tutie chokaa, shaba izame chini. Nikajibiwa kwamba mapipa yana kazi nyingine.

Mavyaa yangu, mamake baba Sidi, anaishi kwa kutanda. Uduvi wake ndio kitoweo cha Sidi, na wa kukaushwa ndio sabuni na mafuta ya taa ya nyumba yetu. Siku moja alirudi akakamua kanga uani, akaniambia, "Mwanangu, siku hizi natanda maji matupu." Hakujua anamwambia nani. Asubuhi yake nikamwomba anipe uduvi wazima aliosalia nao, nikatafuta mabeseni.

Sasa natengeneza redio Matsangoni, kwenye meza yangu mwenyewe. Wateja wapo, nakula, nalala. Kazi ile ilinipa mikono, na mikono sikuiacha mlangoni kwa Meneja. Lakini kabla ya kufungua meza hiyo nilikwenda ofisi ya uvuvi pamoja na mavyaa na wenzake. Karani akanishauri, "Dada, andika 'tunashuku', ni lugha ya heshima."

"Sishuku. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua bomba."

Nikaandika hivi, akapiga muhuri:

"Kwa Afisa wa Uvuvi. Mimi, Dama, niliyekuwa mfanyakazi wa chumba cha dawa, nalalamika rasmi kwamba kiwanda cha vibao vya redio chamwaga maji yenye shaba mkondoni, na uduvi wanakufa. Maji yanapojaa huipeleka shaba hiyo mikokoni. Bomba liko nyuma ya ukuta, chini ya jiwe, na niko tayari kuja kulionyesha siku yoyote, Meneja akiwapo. Wanawake waliotia vidole gumba hapa chini ndio wanaotanda pale. Hatuombi fidia. Zibeni bomba."