Kuku Aliyengoja Taya

Kaka yangu Syauswa hakujua kukaa kitako. Hata kanisani alisimama mlangoni, bega moja ndani na jingine nje, na pasta akirefusha mahubiri kidogo tu, yeye anaanza kubadilisha miguu. Mama alikuwa akisema alimzaa Musienene siku ya soko, mtoto akasikia zile kelele akadhani ndiyo dunia yote. Alipokua akahamia Butembo, akawa mpakizi wa magunia: maharagwe, viazi vya Masereka, kahawa ilipopatikana. Jioni, badala ya kupumzika kama binadamu wengine, alikwenda kupigana ngumi.

Walipigana katika depo ya kahawa iliyobaki tupu tangu vita vianze. Mwalimu wao alikuwa seremala mmoja, Papa Melchior, mtu aliyejua mapigo makubwa ya dunia kama wengine wanavyojua majina ya watakatifu. Alisimulia jinsi Joe Louis alivyommaliza Mjerumani katika raundi ya kwanza. Alisimulia jinsi Tyson alivyotambaa kule Tokyo akitafuta kinga yake ya meno sakafuni. Na Kinshasa, mwaka wa sabini na nne, jinsi Ali alivyoegemea kamba akala ngumi mpaka Foreman akachoka, na raundi ya nane akamlaza chini. Kila alipomaliza aliuliza swali lile lile.

"Bon. Ule mwenye alibakia wima, kisha alifanya nini?"

Hakuna aliyejua. Picha zote zilikuwa za aliyelala.

Kwa hiyo klabu ya Melchior ilikuwa na sheria yake. Ukimwangusha mtu asiinuke, unampelekea kuku nyumbani kwao, wewe mwenyewe, na mnamla pamoja katika sahani moja. Mpaka kuku huyo aliwe, hugusi glavu na ugomvi haujaisha. Sheria ilikuwa na akili, siikatai. Sisi tunajuana mno: uliyemvunja pua Jumamosi ni shemeji wa jirani yako, na Jumapili mtaimba mkitumia kitabu kimoja. Tatizo ni kwamba kuku walikuwa wangu. Syauswa alikuwa na mkono mbaya wa kushoto, na banda langu lilizidi kupungua.

Mwaka wa 2001 Beni ilikuwa mikononi mwa waasi, na wakubwa wao wakaandaa sherehe yenye muziki, hotuba na ndondi. Raia apigane na mwanajeshi, ili watu waone kwamba jeshi na wananchi ni ndugu. Nilicheka nilipoisikia hiyo, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu raia waliyemtaka ni Syauswa. Mwanajeshi alikuwa Sergent Jéthro, kijana wa Eringeti, mpana kama kabati, na kambi nzima ilikuwa imekuja kumshangilia na bunduki zao begani.

Melchior alimwomba Syauswa aanguke mapema na vizuri. Syauswa akakubali. Wallahi alikubali, mimi nilikuwepo. Lakini ulingo ule ulikuwa umezungushiwa kamba za kufungia mizigo ya lori, na hakuna aliyezikaza. Jéthro alimsukuma, Syauswa akaegemea kamba, kamba zikaenda naye nyuma hadi nikaona nyayo zake zinaacha mbao, kisha zikamrudisha kwa nguvu zote. Na mkono wa kushoto ukaja pamoja naye. Sidhani aliufikiria. Ulimpata Jéthro chini ya sikio, na nilisikia kitu kikilia kama kuni kavu.

Jéthro hakutambaa, hakutafuta kitu. Alilala. Mwamuzi alihesabu polepole mno, akimwomba Mungu kati ya namba na namba, na hata kumi ilipofika hakuna aliyepiga makofi. Wakambeba wakaondoka naye. Mwanajeshi mmoja mwenye kovu juu ya jicho akapita mbele yetu akamwambia kaka yangu, "Akifa, na weye unakufa. Asipokufa, tutaona." Tulirudi Butembo siku ile ile juu ya lori la mbao, na njia nzima Syauswa alikuwa akiufungua na kuufunga ule mkono.

Kila mtu alimshauri akimbilie Masereka, akajifiche kwenye mashamba ya wajomba mpaka kikosi kile kihamishwe. Mimi nilimshauri zaidi ya wote. Lakini Syauswa usiku halali, mchana hali, akisikia pikipiki anatoka nje, akisikia kimya anatoka nje vilevile. Kisha tukasikia Jéthro amerudishwa kwa mama yake Eringeti, na asubuhi moja nikamkuta bandani ameshika kuku wangu mwekundu, yule bora kuliko wote.

"Yaya, hapana!" nikamlilia kaka yangu. "Ile iko inataga!"

"Jemima, minaomba. Siweze kubakia vile."

"Batakuua."

"Kama ni kuniua, baniue niko na kuku mukononi. Batajua nilikuya juu ya nini."

Nilimwita mpumbavu, nikamwambia sheria ya Melchior ni ya watu wa depo, si ya watu wenye bunduki. Akanisikiliza akiwa amesimama, akibadilisha miguu. Kisha nikafunga kikwembe changu kiunoni nikaenda naye, maana mwanamume peke yake na kuku barabarani hafiki mbali na huyo kuku.

Kupita Beni kwenda Eringeti kulikuwa na vizuizi vya wanajeshi, na kila kizuizi kilimpenda kuku wangu. Cha mwisho ndicho kilichonitoa jasho.

"Kuku inabakia hapa," alisema mwenye zamu, akimnyakua mkononi mwangu.

"Iko ya Sergent Jéthro," Syauswa akajibu. "Mimi njo nilimupiga."

Akakiri hivyo, mbele ya bunduki zao, kwamba ndiye aliyempiga. Yule mwanajeshi akamtazama kutoka juu hadi chini, akawaita wenzake waje kuona. Wakamzunguka, wakamshika mkono wa kushoto, wakaugeuzageuza kama watu wanaonunua ndizi. "Kamwembamba vile? Njo kalimulalisha Jéthro?" Wakacheka mpaka wakaegemeana. Mmoja tu hakucheka. Akanirudishia kuku na kusema rafiki za Jéthro hufika Eringeti mara kwa mara kumwangalia, na hawataki mchezo.

Nyumba tulionyeshwa na wenye kuuza mafuta ya mawese. Mama yake Jéthro, Mama Léa, alikuwa akichambua mchele uani. Mwanawe alikuwa hai, ameketi kwenye kiti karibu naye, kichwa kimefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, na macho yaliyomwona Syauswa hayakuwa ya ndugu. Syauswa akanyoosha kuku kwa mikono miwili, akaeleza sheria ya Melchior yote. Mama Léa alimwacha amalize.

"Njo weye?"

"Njo mimi, mama."

"Mutoto yangu hana taya. Kuku hii atakula na nini?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Tulikuwa tumesafiri na roho mkononi kumletea kuku mtu tuliyemvunja taya, na katika safari nzima hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuhusu meno. Jéthro alitoa sauti ya ajabu ndani ya kitambaa. Nilidhani analia kwa hasira. Alikuwa anacheka, na kucheka kulimuuma, na alivyoumia ndivyo mama yake naye alivyoshindwa kujizuia.

"Bon," Syauswa akasema. "Nitangojea."

Na akangoja. Kaka yangu, ambaye hakuweza kungoja maharagwe yaive! Akalima shamba la Mama Léa mahali pa mwanawe, akapalilia mihogo, akachota maji, akamkorogea Jéthro uji mwepesi. Mimi nilirudi Butembo kwenye biashara yangu ya chakula, na kila nilipokuja Eringeti kununua mchele na mafuta nilipita hapo, roho juu juu, nikihofu kukuta msiba. Nilimkuta Syauswa anakwenda na kurudi uani, masikio barabarani. Kuku wangu alikuwa ametaga, akaatamia, na sasa alikuwa na vifaranga. Kitambaa bado kilikuwa kichwani mwa Jéthro.

Nilipofika tena, vifaranga walikuwa wameota manyoya, na kitambaa kiko pale pale. Nikazunguka nyuma ya jikoni kutafuta maji, nikamkuta Jéthro amekishusha shingoni anatafuna muwa. Anautafuna kwa pande zote mbili, maganda yanaruka. Nikaenda kumfokea Syauswa: mtu wako amepona, mchinjeni kuku tuondoke!

"Minajua," akasema kwa sauti ndogo. "Alipona zamani. Tukikula kuku, jirani bote batajua. Kikosi yake banaituma mbele, kwenye vita ya Ituri. Hataki kwenda, Jemima. Iko analia."

"Na weye? Bakikukuta hapa?"

Alikwenda mpaka kwenye ua akarudi. Nilikasirika na nilimwonea huruma kwa pamoja, hata sikujua nianze na lipi.

Walikuja mchana huo huo, wanne, wakiongozwa na yule mwenye kovu. Jéthro alikuwa ameshakaza kitambaa chake. Mwenye kovu akasema siku za kuugua zimekwisha, gari linangoja. Akanyoosha mkono aguse kile kitambaa. Mama Léa akapiga magoti.

Ndipo Syauswa akasogea mbele. Katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia kaka yangu akijisifu. Ukimtaja kwa ngumi alikuwa akitazama chini.

"Chef, mukubwa yangu, usijichokeshe," alisema. "Hii mukono njo ilimupiga. Mwenye minapiga na hii hatafune tena. Mufupa yake ilisagika kama unga. Ukimupeleka kule, utamukorogea uji weye mwenyewe."

Mwenye kovu alimtambua. Akautazama ule mkono, na Jéthro akatoa udenda kidogo kando ya mdomo, Mungu amsamehe. Wenzake wakaanza kunung'unika kwamba nani atabeba mgonjwa.

"Tumuache," mwenye kovu akasema mwishowe. "Mutu haweze kula, ni ya nini?" Kisha akamgeukia kaka yangu. "Na weye, basi, usikule."

Akampiga kwa kitako cha bunduki mdomoni. Syauswa aliona pigo likija, mtu wa ngumi huona. Mkono wa kushoto ulipanda kidogo, ukashuka. Alianguka kando ya ungo wa mchele wa Mama Léa, na wale watu wakaenda zao. Nilipiga yowe mpaka jirani wakaja. Meno ya mbele niliyaokota mwenyewe.

Mama Léa alimchinja kuku jioni ile, mlango umefungwa. Kuku wangu mwekundu, mama wa vifaranga vile vyote, na sikutoa hata neno moja la kulalamika. Jéthro alivua kitambaa. Aliichambua nyama nyuzi nyuzi, akailoweka kwenye mchuzi mpaka ikalainika, akaisukuma upande wa Syauswa wa sahani, kisha akala ya kwake. Walikula polepole sana. Kaka yangu aliketi kitako mpaka sahani ikaisha.