Siku Kumi na Nne za Severina

Severina Kalinga alikuwa na cherehani moja kwenye kibaraza cha duka la vitenge pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, na mtoto mmoja ambaye hakumzaa. Mtoto huyo aliitwa Blessing. Mama yake, Lusia, alikuwa dada yake Severina, na alifariki huko Makongolosi Blessing akiwa na mwaka mmoja na nusu. Siku ya kuanua matanga, baba wa mtoto, Jofrey, mchimbaji wa dhahabu aliyekuwa akilala kwenye turubai, alimwambia Severina mbele ya watu wote, "Shemeji, huyu mimi siwezi. Mchukue." Severina akamfunga mgongoni, akarudi naye Mbeya.

Miaka saba ikapita. Jofrey akapata nyumba ya tofali, akapata mke, akafungua duka la vipuri vya mashine za machimboni. Ndipo akamtaka mwanawe. Alianza kwa simu, ikafuata barua ya serikali ya mtaa, mwisho likaja shauri mahakamani.

Hakimu aliwasikiliza wote kwa upole. Ofisa wa ustawi wa jamii alieleza kwamba mtoto ametunzwa vizuri, na kwamba kwa baba pia ameona chumba safi na kitanda. Uamuzi ukawa kwamba baba yu hai na ana uwezo, hivyo mtoto atakabidhiwa kwake shule zikifungwa mwezi wa Sita. "Asiyeridhika," hakimu akasema, "ana siku kumi na nne za kukata rufaa."

Severina alitoka akiwa ameshika neno moja tu, rufaa. Akamfuata karani dirishani.

"Nataka kuandika rufaa, baba. Naandikia wapi?"

"Siku hizi hatupokei karatasi, mama. Unasajili mwenyewe kwenye mfumo, kwa mtandao. Una wakili?"

"Sina."

"Basi fungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Uandae hati ya rufaa, uambatanishe na nakala ya hukumu, upakie. Wengi wanafanya wenyewe."

Alisema bila ubaya wowote. Severina akaitikia kama mtu aliyeelewa.

Siku ya tatu alikwenda kwa watu wanaotoa msaada wa sheria bure. Alikuta foleni hadi nje, akapangiwa Alhamisi ya wiki ya pili. Alipohesabu vidole akaona Alhamisi hiyo itakuwa siku ya kumi na tano. Nakala ya hukumu nayo aliipata siku ya sita. Akaibeba ndani ya bahasha hadi kwa Gloria, mwanamke wa Kinyakyusa mwenye stationery ya kuchapa na kutoa kopi, hatua chache kutoka kwenye cherehani yake. Gloria hakuwahi kusajili shauri, ila alishawasajili watu wengi kwenye maombi ya ajira na ya vyuo, naye alimpenda Blessing.

"Tutajaribu, dada," alisema. "Barua pepe unayo?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Basi nakufungulia."

Akamfungulia, akaandika neno la siri kwenye daftari lake la dukani. Namba ya NIDA ilikubali mara ya pili. Walipofika mahali pa sababu za rufaa, Gloria akageuka kwenye kiti. "Haya, niambie. Hakimu alikosea wapi?"

Severina akafikiri. "Andika kwamba mtoto akiumwa ananiita mimi. Andika kwamba Jofrey hajui kuwa mtoto anabanwa na kifua, na kwamba maziwa hanywi."

Gloria aliandika sentensi mbili, akasita. "Dada, hivi sivyo wanavyoandika." Akatafuta kwenye kompyuta rufaa ya mteja mmoja aliyewahi kuchapa kwake, shauri la shamba la mpunga huko Ubaruku. Wakaifuata mstari kwa mstari, wakibadilisha majina. Maziwa yakatoka, kifua kikatoka. Yakaingia maneno kama "alikosea kisheria na kimantiki" na "kushindwa kupima ushahidi." Severina alipoisoma imechapwa aliona imesimama vizuri, kama barua ya mtu mkubwa. Ila sababu ya tatu ilisema kwamba mrufani amekaa na mali inayobishaniwa kwa miaka saba bila kubughudhiwa.

"Mali ndiyo nani hapa?"

"Yesu wangu! Hilo limebaki la shamba." Gloria akafuta, akaandika mtoto.

Siku ya kumi walipakia. Mfumo uliuliza aina ya shauri, ukaweka orodha ndefu ambayo nusu yake hawakuielewa. Gloria akachagua palipofanana. Walibonyeza, duara likazunguka, halafu yakatokea maandishi ya kijani: imewasilishwa. Gloria akapiga makofi. Severina alichapisha ukurasa ule, akaukunja ndani ya Biblia yake, na Jumapili akatoa sadaka ya shukrani.

Hakujua kwamba kuwasilisha siyo kupokelewa. Siku ya kumi na mbili rufaa ilirudishwa kwa marekebisho: imewekwa kwenye kundi la mashauri mapya badala ya rufaa, na ukurasa wa mwisho wa hukumu haukuonekana. Taarifa ilikwenda kwenye barua pepe, na barua pepe ilikuwa kwenye kompyuta ya Gloria. Lakini Gloria alikuwa amefunga duka ghafla kwenda kumzika mjomba wake Kyela. Severina aliona kufuli, akamwonea huruma. Hakuona sababu ya kumsumbua mfiwa.

Siku ya kumi na tisa alivaa gauni lake la kanisani, akaenda kuuliza tarehe ya kusikilizwa. Karani yule yule aliangalia kwenye kompyuta muda mrefu.

"Mama, hii ilirudishwa. Ulitakiwa urekebishe."

"Nani aliniambia?"

"Mfumo umekutumia ujumbe."

"Haya, nirekebishe sasa."

"Muda umepita. Sasa inabidi kwanza uombe kuongezewa muda. Hayo ni maombi mengine, na hati ya kiapo." Karani alimtazama, akashusha sauti. "Nenda kaandike haraka, mama yangu."

Wakaandika tena. Gloria alikuwa amerudi, akalia mbele ya wateja, akasema kosa ni lake. Severina akamwambia anyamaze achape. Safari hii Severina akala kiapo kwa wakili mjini, wakakagua kila ukurasa mara tatu, na maombi yakapokelewa. Tarehe ya kusikilizwa ikapangwa mwezi wa Saba.

Shule zilifungwa mwezi wa Sita. Jofrey alikuja asubuhi na mkewe. Severina alikuwa amemshonea Blessing magauni mawili na kuandika kwenye karatasi dawa ya kifua na namna ya kuitumia. Mke wa Jofrey aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili. Blessing hakulia. Aliuliza tu, "Mama, nirudi lini?"

Mwezi wa Saba jaji alimuuliza kwa utulivu kwa nini hakufungua ujumbe.

"Mheshimiwa, sikujua kwamba ile barua pepe ni yangu."

Jaji aliandika. Baada ya wiki mbili akasoma uamuzi: kutokujua utaratibu siyo sababu ya kutosha ya kuchelewa, maombi yanatupwa. Kuhusu mtoto hakikusemwa chochote, kwa sababu shauri la mtoto halikuwahi kufika pale. Hilo ndilo lililomuuma Severina kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kushindwa na Jofrey. Ameshindwa na orodha ya kwenye kompyuta.

Kwenye korido Jofrey alimsubiri, kofia mkononi. "Shemeji, mimi sikukuchukia. Desemba nitamleta."

"Utaamua mwenyewe," Severina akajibu. "Mimi sina tena pa kusemea."

Alimleta kweli, kwa siku saba. Blessing alikuwa amerefuka, amenyolewa, na kifua kilikuwa shwari. Alisalimia, "Shikamoo, mama mdogo," kama alivyofundishwa, na ndivyo ilivyo sahihi. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja.

Baadaye kidogo akauliza kama anaruhusiwa kuchota maji ya kunywa.

"Chota, mwanangu," Severina akasema, akainamia cherehani ambayo siku hiyo haikuwa na kitambaa.