Gunia Ambalo Sikulifumua

Nyumbani kwetu, karibu na Bunda, tulichambua pamba mkekani: safi huku, na fifi, ile yenye madoa, kule. Majirani walinisifu kwa mikono isiyokosea. Hawakujua kwamba kila nikifika gulioni wazo lilinivamia: fifi moja ikibaki guniani, mama yako atakufa. Basi nilikuwaga nafumua gunia lililokwisha kushonwa, namwaga, nachambua upya, nashona, nafumua tena, hadi jua linazama.

Msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, wazo likaja kama kawaida. Safari hii nikalijibu: "Nakujua wewe, ni wazo tu. Kaa hapo ukitaka, lakini gunia sifumui." Wazo halikuondoka. Nikalikalia gunia langu mpaka likapimwa.

Mnunuzi hakutazama hata ndani. Kwake safi na fifi bei moja, mpuuzi yule! Sikujali. Nilirudi kifua mbele, nikamkuta mama uani anapeta mtama.

"Leo umewahi," akasema.

Katika sifa zote nilizopewa kwa ajili ya pamba, ninayojivunia ni hiyo ya mama.