Mluzi wa Kunyweshea

Mwaka 1983 watu wengi pale Bunda walikuwa wakijitolea, baadhi yao kwa hiari. Wankyo alikuwa mmoja wa hao wa hiari. Alikuwa mjane wa miaka hamsini, muuza uji karibu na stendi, na kila asubuhi sufuria ikishaisha alikwenda kwenye mazizi ya wanyama yatima nje ya mji kuosha ndoo na kubeba majani bila malipo. Mazizi hayo yalianzishwa na Leodgar, bwana nyama mstaafu, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amekamata majangili na sasa alikuwa akilea walichobakiza.

Sheria ya Leodgar ilikuwa moja: mnyama asisemeshwe. Anayezoea watu, alisema, ameshakufa, ila hajapewa taarifa.

Mwezi wa tatu akaletwa ndama wa mbunju, yule mnyama wa porini anayelingana na ng'ombe kwa ukubwa na ambaye, kwa ushahidi wa waliomla, anamzidi ng'ombe kwa utamu. Ushahidi huo ulikuwa umetolewa juu ya mama yake wiki ileile. Maziwa ya unga yalitoka misheni. Chupa ilikuwepo, lakini chuchu yake haikupatikana Bunda wala Musoma, ambako duka lililokuwa na kabati zuri kuliko yote lilikuwa na kopo moja la dawa ya viatu ndani yake. Basi ikabidi ndama anywe kwenye ndoo. Akakataa siku mbili. Siku ya tatu hakuinuka.

Wankyo alikulia Mugeta, kwenye nyumba ya wafuga ng'ombe. Kule mifugo ikifika majini hupigiwa mluzi, mrefu, wa chini, usiokatika, mpaka wa mwisho ashibe. Hakuna anayefundishwa. Ukiwa na maji na mnyama mbele yako, unatoka wenyewe. Alipiga magoti, akatia vidole kwenye maziwa, akapiga mluzi. Ndama akanywa. Leodgar alisikia akiwa kibandani kwake, hakutoka kumkataza. Sheria ilikataza maneno, na ule haukuwa neno.

Ikawa hivyo miezi kumi na minane. Mwezi wa tisa mwaka 1984, mbunju akiwa na pembe za kutosha, alipakiwa kwenye lori la kuazima, akaachiwa porini mbali na watu.

Mvua hazikunyesha. Wiki ya nne kaka yake Wankyo, Keraryo, alifika stendi kwa miguu kutoka Mugeta, akanywa uji vikombe viwili kabla ya kufungua mdomo. Mto ulikuwa umekauka, alisema, maji yalibaki kwenye lambo peke yake. Na kila wakipiga mluzi kunywesha ng'ombe, mbunju anatokea vichakani, anasimama katikati ya ng'ombe, anakunywa kama aliyezaliwa pale.

"Anakujaga saa nne," alisema. "Ana adabu kuliko ng'ombe wangu. Dada, watu hawajala nyama tangu Pasaka. Nimewaambia huyo ni mtoto wa dada yangu, wamecheka, wakanipa mpaka Jumamosi."

Wankyo alikwenda kwa Leodgar. Leodgar alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Mnyama wa namna hiyo, alieleza, hurudishwa zizini au hupigwa risasi. La kwanza linataka lori na mafuta. La pili linataka risasi moja, na risasi anayo.

"Hakuna la tatu?"

"La tatu ni auogope huo mluzi, mama. Na anaouamini zaidi ni wako."

Ijumaa saa nne Wankyo alisimama ukingoni mwa lambo na fimbo ya kuchungia. Keraryo alikuwa amezuia ng'ombe kwa nyuma. Wanaume saba walikaa juu ya tuta, panga mapajani. Makubaliano yalikuwa kwamba akishindwa, hawatangoja kesho.

Akapiga mluzi. Mbunju alitoka vichakani bila haraka, akapita mbele ya wale wanaume saba kama anayepita mbele ya majirani, akamfikia, akasukuma pua kwenye kiganja chake kutafuta vidole.

Wankyo hakuinua fimbo.

"Anamsalimia kwanza," mmoja alisema juu ya tuta. "Muulize hali ya nyumbani, mama." Wakacheka. Mwingine alishasimama.

Ndipo Wankyo akampiga puani, mahali ambapo kila aliyekulia na ng'ombe anajua panauma. Mbunju akarudi nyuma hatua tatu, akamtazama. Wankyo akapiga mluzi tena, na mbunju akarudi, maana ndivyo alivyofunzwa. Akampiga tena. Akaita, akaja, akampiga. Damu ilianza kutoka puani. Juu ya tuta hakuna aliyecheka tena. Keraryo anasema yalikuwa mapigo kumi na moja, na kwamba kufikia la tano yeye alikuwa anatazama ng'ombe.

Hatimaye mbunju alisimama mbali, ng'ambo ya tope. Wankyo akapiga mluzi. Masikio yakainuka. Mguu mmoja ukaja mbele, ukasita hewani.

"Pigeni na nyie," Wankyo aliwaambia wanaume.

Walitazamana. Wa kwanza kupiga alikuwa yule aliyekuwa amesimama na panga, kisha wengine wote, na bonde likajaa mluzi. Ng'ombe wakasogea kwenda majini. Mbunju akageuka, akakimbia kuelekea porini, na vumbi lake likaonekana mpaka kwenye kilima cha pili.

Hakurudi Jumamosi, wala wiki iliyofuata. Wanaume wa Mugeta walikula ugali na mlenda, na baadhi yao hawakumsalimia Keraryo mpaka mvua zilipokuja.

Leodgar alikuwa mtu wa taarifa. Jumatatu alifungua daftari, akaandika tarehe na mahali, akamuuliza Wankyo mnyama alipigwa mara ngapi. Wankyo alikuwa anasugua ndoo kwa mchanga.

"Andika mara tatu."

"Ilikuwa tatu?"

"Mzee, andika tatu."

Akaandika tatu.