Tulimsifu abti kwa ujasiri, kumbe mkono ulikuwa umekufa ganzi

Wakuu, salaam aleikum. Hapa sijaongeza chumvi, na mjinga wa kwanza kwenye uzi huu ni mimi mwenyewe.

Abti wangu, yaani mjomba, anafuga ngamia kule Hulugho. Mwaka jana alipatikana na ukoma. Ndiyo, ukoma, huo huo mnaodhani uliisha zamani.

Akapewa dawa. Nesi akatuambia waziwazi: akivimba au akiumwa mishipa ya fahamu, mrudisheni haraka, na dawa asiache.

Mwezi wa tatu wa dawa, mabaka ya ukoma ngozini yakavimba na kuwa mekundu. Kiwiko kikauma hadi usingizi ukamtoroka. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kulegea.

Sisi tukafanya nini? Tukalaumu dawa! Ukoo mzima ulikaa kikao, wote madaktari, na hakuna aliyekumbuka neno la nesi. Dawa zikawekwa kando, akaitwa mzee wa kuchoma.

Kwa wasiojua, huku kwetu kinachouma sana huchomwa kwa kijiti cha moto. Ngamia anachomwa, mtu anachomwa.

Mimi ndiye niliyemshika mkono. Kijiti kikatua ukingoni mwa kiganja, chini ya kidole kidogo kilichokuwa kinalegea. Nyama ikanuka. Abti hakukunja hata uso.

Tukamsifu, wakuu. Mwanaume kamili! Nilirudi Garissa nikasimulia soko zima.

Kidonda kikakataa kupona, ndipo nikampeleka hospitali. Nesi akamwambia afumbe macho, aseme kila akiguswa. Akamgusa kidole kidogo kwa ncha ya kalamu, mara tatu, mara nne. Kimya.

Abti, macho bado kafumba, akasema, "Daktari, anza basi. Mimi iko tayari."

Nilitoka nje nikalia.

Kumbe dawa haikuwa na kosa. Mwili wenyewe ulikuwa unapigana na mabaki ya vijidudu, mishipa ikaumia katikati. Akarudishiwa dawa zake na kuongezewa za kutuliza uvimbe. Maumivu yameisha, lakini vidole vimebaki vimejikunja. Tulichelewa.

Funzo: akivimba, hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu asiposikia moto, jamani, msimpigie makofi.

Kukamua ngamia kunataka mikono miwili. Siku hizi nikienda Hulugho nakamua mimi, vibaya, na abti ananiombea dua.

Wenye ndugu waliopitia haya, andikeni hapa chini. Matusi pia napokea, maana abti mwenyewe hajanipa hata moja.