Mtani Niliyemwita Msibani

Nilikosea, nasema mwenyewe kabla hawajanisemea. Lakini hasira yangu haijaisha.

Mke wa mwanangu ni Mrundi. Yeye na baba yake walikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba huyo nilimtunza mimi, hapa kwangu Shelui, mpaka alipofariki. Ng'ambo ya barabara, pale malori yanapoegeshwa, kuna mama lishe, naye Mrundi, naye alikimbia vita hivyo hivyo, ila ni wa kabila lile jingine. Miaka yote hawa wawili hawasalimiani. Mjukuu wangu na binti wa yule mama ndio walikuwa wakicheza rede pamoja, basi.

Sasa msiba wa huyo baba. Kwetu Wanyiramba, mtani asipokuja msiba umepooza. Babu zetu na babu za Wasukuma walichomana mishale kwa ajili ya ng'ombe. Leo Msukuma anaingia msibani kwangu, ananyakua jembe, analala kaburini, hatoki mpaka apewe kuku, na sisi tunacheka machozi yakiwa bado usoni. Nikadhani wote waliopigana huishia hivyo. Nikavuka barabara, nikamvuta yule mama mkono mpaka mbele ya waombolezaji.

"Haya, mtani wao! Si mlipigana nyie? Lala kaburini udai kuku wako!"

Mke wa mwanangu aliangusha mwiko. Yule mama akasema taratibu, "Bibi, kwetu hakuna utani huo. Wa kwangu hawakupata hata kaburi." Akaondoka.

Aibu ile niliimeza. Nilimwomba radhi mke wa mwanangu, nikavuka nikamwomba na yule mama. Kilichonichoma kilikuja baada ya mazishi. Baba mdogo wa mke wa mwanangu, aliyekuja kuzika, alimweka mjukuu wangu mbele yake akamtajia wafu wao, mmoja mmoja. Nikasema vizuri, mtoto awajue wa kwake. Kisha mzee akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

"Wale ndio waliowaua."

Wale! Yule mama wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi! Alimuua nani, na kwa nguvu gani?

"Mkwe," nikamwambia, "na wa kwao waliouawa, mbona huwataji?"

"Hao si wetu, mama."

"Nani aliwaua?"

Akainama kufunga kamba za viatu vyake. Nikaendelea:

"Huyu mtoto kazaliwa hapa, kitovu chake kimezikwa nyuma ya zizi langu. Ukimfundisha wafu, mfundishe wote. Kama ni nusu, ondoka nayo hiyo nusu yako!"

Akaondoka na basi la asubuhi, hata kuaga hakuaga. Lakini maneno yake aliyaacha. Mjukuu wangu havuki tena barabara. Nilipomuuliza akasema, "Bibi, wale waliua." Ana miaka saba! Hata kufunga mkanda wa gauni bado anafungiwa!

Nikafoka. Mama yake akanishika bega.

"Usimkaripie, mama. Mimi pia nilifundishwa hivi hivi kambini kwa wakimbizi, nikiwa mdogo kuliko yeye. Niachie mimi, nitamwambia na wa kule pia waliuawa."

Namsubiri. Asipomwambia yeye nitamwambia mimi, na mimi kusema taratibu sijui.