Jumamosi Tuliyoiombea Chicago

Binti wa rafiki yangu alipopata kazi ya unesi Chicago, mama mtu alifurahi kwa wiki moja, kisha akaanza kusoma habari za huko. Mauaji yalikuwa yanaongezeka. Sote wawili tulikuwa tunatunza wazee majumbani, na kila tulipokutana kwenye basi la asubuhi alinionyesha simu yake: wengine wamepigwa risasi.

"Chicago ni kubwa," nilimwambia.

"Na mtoto wangu ni mmoja."

Basi kanisa letu la Tottenham, chumba kilichokuwa juu ya duka la samaki, likatenga Jumamosi mchana kuiombea Chicago. Mchungaji alibandika hata ramani ya mji huo ukutani, ingawa hakuna aliyejua binti anaishi upande gani.

Siku hiyo basi lilitushusha kabla ya kituo chetu. Mbele barabara ilikuwa imefungwa kwa utepe wa polisi. Kijana alikuwa amechomwa kisu karibu na mlango wa kanisa, akafa palepale.

Rafiki yangu, mkononi ana chupa ya chai ya waumini, akamwendea polisi wa kike.

"Tuna maombi humo ndani."

"Leo haingii mtu, mama. Maombi ya nini?"

"Ya mauaji."

Polisi alitazama nyuma yake. "Ya huyu?"

"Hapana. Ya Chicago."

Hakucheka. Namshukuru mpaka leo.

Mchungaji, ambaye hapendi ratiba yake ivurugwe, alituhamishia kwenye maegesho ya supamaketi ya jirani. Tukafumba macho, tukaikemea roho ya bunduki iliyoko Marekani. Katikati ya maombi simu ya rafiki yangu ikalia. Alikuwa binti yake.

"Mum, uko salama? Nimeona mtu ameuawa karibu na church yenu! Hama huko, njoo ukae na mimi. Kwetu kumetulia."

"Kumetulia wapi, Chicago?"

"Hayo mambo ni upande mwingine wa mji, Mum."

"Na haya yetu ni ng'ambo ya barabara," alijibu kwa ukali, kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha nikaona amesikia mwenyewe alichosema. Aliaga, akachukua ile chupa, akarudi kwenye utepe. Nikamfuata. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale peke yake, analia. Alikuwa shangazi wa yule kijana. Rafiki yangu alimmiminia chai, akamshika bega, tukasimama naye mpaka ndugu zake walipofika. Mchungaji alituma mtu kutuita: bado hatujamaliza Chicago.

Jumapili alitangaza kwamba maombi yamejibiwa, binti ni mzima. Tulipiga makofi. Kijana hakutajwa. Ndipo rafiki yangu, ambaye huwa haongei mbele za watu, aliposimama, akalitamka jina la yule kijana kama alivyoambiwa na shangazi, akaketi. Mchungaji alikohoa, akatafuta wimbo.